Mdogo Wangu, Usiikimbie Nadharia

Wadogo zangu, najua wengine mnangoja majibu ya mahari na wachumba waliopotelea Lubumbashi. Msininunie, zamu yenu inakuja. Leo nimevuta kigoda nikae na binti mmoja wa hapa hapa Uvira ambaye amekwenda mbali kusomea usanifu majengo, na barua yake imenikosesha usingizi. Hata wewe usiyejua kushika rula kaa usikilize, maana linalomkaba yeye linawakaba wengi.

Anasema: “Yaya, kuchora najua. Hesabu za nguzo na za zege napata. Lakini somo la nadharia ya usanifu linaniua. Silabusi nzima ni majina ya wanaume wa Ulaya waliokwisha kufa, na asistanti akiniuliza swali mdomo unakauka. Juzi amesema mbele ya wote kwamba nadharia ina wenyewe, wasichana tubaki na mapazia na rangi za ukuta. Nataka kuhamia kozi nyingine. Niruhusu.” Kisha chini kabisa, kwa mwandiko mdogo wa mtu anayeona haya, ameongeza kwamba walipoambiwa walete picha ya nyumba waliyokulia, yeye alionyesha nyumba ya ghorofa ya Bujumbura aliyoitoa kwenye simu. Kwa mama yake ni nyumba ya udongo na matole, karibu na mto Mulongwe.

Pole, mdogo wangu. Pole ya kutoka moyoni. Huyo asistanti amekosa adabu, na hilo nitalirudia. Lakini ruhusa sikupi. Na usidhani hayo mambo mawili uliyoniandikia ni mbalimbali, lile la silabusi na lile la picha. Ni jambo moja. Umefundishwa kwamba nadharia ni kitu cha kwao, ndiyo sababu ukaona aibu kuleta cha kwenu. Mkataa kwao ni mtumwa, na utumwa wa namna hiyo huanza polepole, kwa picha moja tu ya simu.

Ngoja nikujulishe kwa mama mmoja ambaye huenda jina lake limeandikwa nusu mstari ndani ya silabusi yako, au limeachwa kabisa. Anaitwa Denise Scott Brown. Usikimbilie kusema “Mzungu mwingine tena”. Tulia kwanza. Alizaliwa mwaka 1931 huko Nkana, kwenye migodi ya shaba ya Zambia, wakati ule ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Wewe umekua ukiona maboti ya Mpulungu yakishusha mizigo Kalundu, kwa hiyo unajua Zambia ni ncha ya pili ya ziwa letu hili. Halafu akalelewa Johannesburg, Afrika Kusini. Ndiyo, alikuwa mtoto wa Kizungu katika nchi ambayo ngozi ilikuwa ikigawa watu, na hayo hatuyafichi. Ila kilichompata utotoni kinafanana na chako kuliko unavyodhani.

Mama yake aliwahi kusomea usanifu. Basi mtoto akakua akiamini hiyo ni kazi ya wanawake, na alipoingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand alishangaa kuona wanaume wamejaa darasani. Umesikia? Kwenu wanashangaa kwamba mwanamke yumo, yeye alishangaa wanaume wanatafuta nini humo. Malezi tu, mdogo wangu. Kile mtoto anachoonyeshwa nyumbani ndicho anachokiona cha kawaida.

Jambo la pili ni vitabu. Vile alivyosoma vilitoka Uingereza, vimejaa majani mabichi na mvua ya manyunyu, na nje ya dirisha lake ilikuwa nyasi kavu na jua la Afrika. Alikuwa na mwalimu wa kuchora, Rosa van Gelderen, aliyewaambia wanafunzi wake wachore maisha yanayowazunguka, kwa sababu bila hayo hawataumba lolote lao. Neno hilo halikumtoka. Uzeeni bado alikuwa akieleza kwamba mtoto wa koloni anakua na vitu viwili kichwani: hali ilivyo, na hali anayoambiwa ingepaswa kuwa. Nadharia yake yote ilianzia hapo, kwenye ule mwanya kati ya kitabu na dirisha. Sasa niambie wewe, mwenye silabusi iliyotoka Paris na Brussels na mama anayekungoja Mulongwe, mwanya huo huujui? Unaujua kuliko asistanti wako.

Njia yake haikuwa laini, nisikudanganye. Alikwenda London mwaka 1952 kuendelea na masomo, akaolewa na Robert Scott Brown, na mwaka 1958 wakavuka pamoja kwenda Philadelphia, Marekani, kusoma mipango miji kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka uliofuata mume akafariki kwa ajali ya gari. Mjane mdogo, ugenini. Angeweza kufunga masanduku. Badala yake alimaliza shahada yake mwaka 1960, akapewa kazi ya kufundisha pale pale.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana ndipo penye dawa yako. Wakati ule Marekani ilikuwa ikibomoa mitaa ya maskini kwa jina la kufanya miji iwe mipya, na waliofukuzwa wengi walikuwa Weusi. Wasanifu walikuwa wakichora majengo mazuri ya kuweka mahali palipobomolewa. Lakini chuoni kwao walikuwepo wanasosholojia na wapangaji wa miji waliowabana wasanifu kwa swali moja: aliyekuwa akiishi hapo amekwenda wapi? Mmoja wao, Herbert Gans, alikuwa amehamia kuishi ndani ya Levittown, kitongoji cha nyumba za bei nafuu ambacho wasomi walikuwa wakikicheka, ili awajue wenyeji wake badala ya kuwasema. Denise alikaa katikati ya ugomvi huo, akashika pande zote mbili. Aliwafundisha wanafunzi kwamba umbo la mji halitoki kichwani mwa msanifu peke yake. Linasukumwa na bei ya ardhi, njia ya maji, barabara, sheria, na mfuko wa mtu. Anayetaka kuchora vizuri aanze kwa kuzijua nguvu hizo.

Alipokutana na Robert Venturi, aliyekuja kuwa mume wake wa pili, wakashirikiana kufundisha somo hilo hilo linalokutoa jasho, nadharia ya usanifu, miaka ya mwanzo ya 1960. Venturi akitoa mihadhara, Denise akiongoza semina, kuwabana wanafunzi kwa maswali na kuwapa kazi za kufanya. Namna yake ya kufundisha ndiyo ninayotaka uishike. Kwake nadharia haikuwa kumeza majina. Ilikuwa kuona kitu, kujiuliza kwa nini kiko hivyo, kisha kurudi kwenye meza ya kuchora na jibu mkononi. Tena alipenda wanafunzi wagawane utafiti, kila kundi na sehemu yake, halafu wakutanishe walichopata.

Mwaka 1968 akafanya jambo lililowachukiza wakubwa. Yeye na Venturi, pamoja na Steven Izenour, waliwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale hadi Las Vegas. Si Roma, si Athens. Las Vegas, mji wa kamari na mataa, ambao msomi mwenye heshima zake alikuwa akiupita amefumba macho. Wakakaa siku 10. Walipiga picha na filamu kutoka kwenye gari, walipima maegesho, walichora ramani za mataa, na wakatengeneza ramani moja ya kila neno lililoandikwa kando ya barabara kuu. Kila neno, mdogo wangu, la hoteli, la pombe, la kanisa dogo la kufungia ndoa za haraka. Kitabu kilichotoka humo mwaka 1972 kinasomwa mpaka leo kwenye vyuo vya usanifu duniani.

Ndani yake yamo maneno mawili utakayokutana nayo kwenye mtihani, basi ngoja nikueleze yaishe. Wanasema jengo linaweza kuwa “bata”, kwa sababu kule New York kuna duka lililojengwa kwa umbo la bata, ambako walikuwa wakiuza bata na mayai yake. Jengo zima limegeuka kuwa tangazo lake. Au linaweza kuwa “banda lililopambwa”, yaani banda la kawaida lenye ubao wa kusema kazi yake. Haya, simama kichwani mwako kwenye avenyu ya kwenu. Kanisa la jirani, si kuta za mbao na matole tu? Jumapili spika inatolewa nje, kuna ubao wenye jina la mchungaji, kitambaa cheupe kimefungwa mbele, na kila apitaye anajua hapa watu wanasali. Jumatatu panafundishwa watoto. Duka la vocha, ukuta wake umepakwa rangi za kampuni ya simu toka chini mpaka juu, na ndani ni chumba kile kile ambacho mwaka jana kilikuwa saluni. Uvira imejaa mabanda yaliyopambwa. Umepita mbele yake tangu unabebwa mgongoni, halafu unaniambia nadharia huijui?

Nakuonya hapa, na nitakuonya tena. Usiisome nadharia kwa kumeza. Ukimeza utaitapika siku ya mtihani na hakuna kitakachobaki tumboni. Kila jina ulilopewa kwenye silabusi, lilete nyumbani ulikalishe kwenye kigoda uliulize: wewe ungesema nini ukiona mji wetu? Mengine yatakaa kimya. Hayo yajue kwa ajili ya mtihani, yatosha. Mengine yatazungumza, na hayo ndiyo yako.

Na ukija likizo, acha kujifungia ndani kwa aibu. Shuka Kavimvira asubuhi, karibu na mpaka, ushike barabara kubwa namba 5 uende nayo kusini mpaka Kalundu bandarini, na daftari mkononi. Mji wetu umebanwa, mlima huku, ziwa huku, hauna pa kupanukia, kwa hiyo barabara hiyo moja imebeba karibu kila kitu. Andika kila neno lililoandikwa: mbao za mashirika ya msaada kwa Kifaransa, za maduka kwa Kiswahili, majina ya famasi, maneno ya Biblia kwenye milango ya seremala. Angalia ni wapi mama wanaanika ndagala na kwa nini hapo na si pale. Angalia kivuli kinaangukia wapi saa nane, na nani amekaa ndani yake. Kisha pitia nyumba za kando ya ziwa. Tangu maji yalipopanda, wako watu waliokataa kuhama. Tazama mlango wa mmoja wao: kizingiti kimejengwa juu kwa bloki za saruji, ukutani mstari wa maji ya zamani bado unaonekana, na mwenye nyumba anainua mguu, anavuka, anashuka ndani kama anayeingia mtumbwini. Hakuna profesa aliyemchorea kizingiti hicho. Kipime. Kichore na vipimo vyake, kuta, mifuko ya mchanga na yote. Hiyo ndiyo picha uliyopaswa kuionyesha darasani, na ningependa kumwona huyo asistanti angeuliza nini.

Lakini polepole, maana nawajua wadogo zangu, mkipewa kidole mnachukua mkono. Denise alisema tuahirishe hukumu, hakusema tuifute. Unazuia ulimi kwanza ili ukija kuhukumu uhukumu ukiwa unajua. Yako makosa mawili hapa na yote yanauma. La kwanza ni la yule anayetazama nyumba zilizosogelea mto Mulongwe akasema “wajinga hawa, wanajenga ndani ya njia ya maji”. Hakuuliza kiwanja cha juu kinauzwa kiasi gani, wala soko liko wapi, wala familia ilikimbia vita gani ikafika mjini bila kitu. La pili ni la yule anayependa sana “maisha ya watu” mpaka anasahau Aprili 2020, mto ulipofurika ukabeba nyumba na watu na tukazika. Tulilia mtaa mzima, wewe ulikuwepo. Msanifu anayesifu kila kitu kwa sababu ni cha kwetu ni wa hatari sawa na anayedharau kila kitu. Ukishajua kwa nini watu wako pale, hapo ndipo useme kwa sauti: pale hapafai, na njia ya kuwatoa bila kuwatupa ni hii.

Denise mwenyewe alifanya hivyo. Philadelphia ilipotaka kupitisha barabara kuu ya magari juu ya South Street, mtaa wa watu wa hali ya chini, wenyeji walimwendea naye akasimama nao akiwachorea mipango yao. Barabara hiyo haikujengwa. Nadharia gani itakuwa na maana kama haiwezi kusimama na mama wa South Street, au na mama yako?

Sasa turudi kwa huyo bwana wa mapazia. Sikuambii unyamaze, wala sikuambii utukane. Nakuambia ujue kwamba hujaanza wewe. Mwaka 1991 tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu ndiyo kubwa kupita zote, alipewa Venturi peke yake, wakati kazi waliifanya wawili kwa miaka mingi. Denise hakwenda kwenye sherehe. Na alikuwa ameyaona mapema, maana mwaka 1975 aliandika makala juu ya jinsi wanaume wanavyogeuzwa nyota na wake zao kufutwa, akaiweka kando akihofia ofisi yao itaumia, na ikachapishwa mwaka 1989 tu. Miaka 14, mdogo wangu! Fikiria kukaa na neno hilo kifuani miaka 14. Mwaka 2013 wanafunzi wawili wa kike wa Harvard wakaanzisha ombi kwamba tuzo ile irekebishwe, maelfu wakatia sahihi, Venturi mwenyewe akiwemo. Wenye tuzo wakakataa. Lakini mwaka 2016 Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani iliwapa wawili hao medali yake ya dhahabu kwa pamoja. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi naongeza: huku akidai. Kwa hiyo kazi mkifanya kikundi, jina lako liandikwe kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, kwa wino. Usiseme “tutaelewana”. Wasichana wangapi wamechora usiku kucha, asubuhi akasimama mvulana kueleza?

Na usinijibu kwamba hayo ni ya Marekani. Yuko Lesley Lokko, binti wa baba Mghana, aliyeanzisha shule ya juu ya usanifu kwenye Chuo Kikuu cha Johannesburg ili vijana wa Afrika wafikirie usanifu wakianzia hapa, si kwa kuazima macho. Mwaka 2023 ndiye aliyesimamia maonyesho makubwa ya usanifu ya Venezia, na mwaka 2024 akapewa medali ya dhahabu ya kifalme ya wasanifu wa Uingereza, Mwafrika mwanamke wa kwanza. Karibu zaidi, Kampala, alikuwepo Doreen Adengo. Alisoma Yale, chuo kile kile cha safari ya Las Vegas, akafanya kazi ng'ambo, akarudi Uganda kufungua ofisi na kufundisha. Alifariki mwaka 2022 akiwa bado kijana, na wanafunzi wake wapo wanaendelea. Nairobi yuko Stella Mutegi, ambaye yeye na mwenzake Kabage Karanja wanaingia mapangoni, pamoja na yale ya Shimoni walimofungiwa watumwa pwani ya Kenya, wanayapima na kuyachora, wakiyasoma kama usanifu. Pango, mdogo wangu. Nao wamealikwa kufundisha hadi New York. Wewe unaona haya ya nyumba ya udongo?

Kama kweli huko chuoni hawakutaki, kuna vyuo vingine, na Kinshasa wana taasisi nzima ya usanifu na mipango miji. Hilo tutalizungumza ukishamaliza mwaka. Lakini usihame kwa kulikimbia somo hili, kwa sababu litakufuata. Siku utakapopewa kazi ya kuchora shule au zahanati huku kwetu, utaulizwa kwa nini mlango uko hapa na paa limeinama huku, na bila nadharia utajibu “ndivyo nilivyoona kwenye simu”. Kwa vioo vya Bujumbura na jua letu la ziwa utawaoka wagonjwa ndani ya kuta zako.

Basi fanya hivi. Mwandikie mama yako, au mpigie, umwombe akueleze nyumba yenu ilijengwaje: udongo ulichimbwa wapi, fundi alikuwa nani, kwa nini jiko liko nyuma, nini kilibadilishwa baada ya mafuriko. Andika anavyosema. Kisha chora, upeleke darasani badala ya ile picha ya ghorofa, na uweke jina lako pembeni kwa herufi kubwa. Asistanti akiuliza nadharia iko wapi, mtajie Denise Scott Brown na mwaka 1968, umwonyeshe kizingiti. Halafu niandikie alijibu nini. Nangoja barua yako kabla ya sesheni ya mitihani.